Jinsi ya kujizuia kabla hujapaniki: mwongozo kamili kutoka kwa Wastoiko

Miaka michache iliyopita nilimwandikia bosi wangu meseji ndefu saa tano usiku, kwenye grupu la kazini, mbele ya watu wote. Chanzo ni neno moja. Nilikuwa nimetuma ripoti niliyoihangaikia siku tatu, akajibu "Sawa." na nukta mwishoni, basi mi ile nukta nikaisoma kama kofi, nikaanza kuandika jinsi watu tunavyojituma na hatuthaminiwi, nikatuma, nikazima data, nikalala roho juu. Asubuhi ndo naambiwa ile "Sawa" hata haikuwa yangu, alikuwa anamjibu mtu mwingine aliyeuliza muda wa kikao, meseji zikapishana tu. Ile aibu mpaka leo nikiikumbuka nafumba macho.

Nimeanza na hiyo stori kwa sababu wengi wakisikia habari za kujizuia wanadhani ni kubana meno, yaani hasira ipo inachemka ndani ila we umeifunikia mfuniko. Mi nilikuwa nafanya hivyo miaka yote, na ndo maana nililipuka. Wastoiko, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, wanasema kitu kingine kabisa. Wanasema kabla hasira haijawa hasira kuna sentensi fupi unajiambia kichwani ("ananidharau huyu"), unaigongea muhuri bila kuisoma, alafu mwili mzima unafuata amri. Kazi yote ipo hapo kwenye muhuri. Ukishagonga, kujizuia kunakuwa vita, na vita hiyo mara nyingi unashindwa.

Ni akina nani hawa

Kama umesoma Matendo ya Mitume sura ya 17 umeshakutana nao, ndo wale waliobishana na Paulo kule Athene pamoja na Waepikureo, kundi lingine la wanafalsafa. Shule yao ilianzishwa karibu mwaka 300 KK na Zeno, mtu wa kisiwa cha Kupro, na jina limetoka kwenye Stoa Poikile, baraza lenye michoro pale Athene alipokuwa anafundishia. Kwahiyo stoa ni baraza lenye nguzo, sio stoo ya kuwekea mizigo, mi mwenyewe mwanzoni nilichanganya.

Wanaosomwa zaidi sasaivi ni watatu wa enzi za Roma. Seneca, tajiri kupindukia, mshauri wa Kaisari Nero, ambaye Nero huyohuyo alimwamuru ajiue mwaka 65 BK. Epictetus, mtumwa mwenye mguu mbovu aliyekuja kuachiwa huru, akafundisha Nikopoli huko Ugiriki baada ya Kaisari Domitian kufukuza wanafalsafa Roma, na hakuandika chochote, mwanafunzi wake Arrian ndo aliyekuwa ananukuu. Na Marcus Aurelius, kaisari kuanzia 161 mpaka 180 BK, ambaye katikati ya tauni na vita vya mto Danube alikuwa na daftari la kujisema mwenyewe. Seneca watu wanamwita mnafiki kwa sababu ya utajiri wake, na hawajakosea sana, ila yeye mwenyewe kwenye barua zake anasema haongei kama daktari, anaongea kama mgonjwa aliyelazwa wodi moja na wewe. Mi hapo alinishika.

Hatua ya kwanza: acha kupigana na mshtuko

Moyo kudunda, uso kuwaka, mikono kutetemeka, hivi vitu havikuombi ruhusa. Kuna mwandishi wa Kirumi anaitwa Aulus Gellius, anasimulia kwamba alipanda meli moja na mwanafalsafa wa Kistoiko, wakapigwa na dhoruba usiku, na jamaa akapauka uso kama abiria wengine, tofauti yake ni kwamba hakupiga mayowe. Bahari ilipotulia abiria mmoja tajiri akaanza kumcheka, mwanafalsafa gani unaogopa. Gellius yeye akamfuata taratibu kumuuliza, jamaa akatoa kwenye begi lake kitabu cha mafundisho ya Epictetus akamwonyesha: mshtuko wa kwanza unampata hata mwenye hekima, ila mwenye hekima hauthibitishi, anauacha upite.

Seneca kwenye maandishi yake kuhusu hasira anaipanga hivi. Kwanza unapata mtikisiko usioutaka. Pili inakuja hukumu, "nimeonewa, lazima nilipize", na hapa bado una uwezo wa kukataa. Tatu akili imeshashushwa kwenye gari, hasira ndo inaendesha. Kwahiyo usijilaumu kwa namba moja wala usijidanganye utaanza kujitawala ukishafika namba tatu, hapo umechelewa, labda uondoke tu eneo la tukio.

Cha kufanya: jua dalili yako. Kila mtu ana yake. Mi masikio yanapata moto. Wengine wanasonya, wengine sauti inakuwa ndogo na ya adabu kupita kiasi (hao ndo wa kuogopa). Wiki moja nzima usijaribu kubadilisha kitu chochote, kazi yako iwe kuigundua dalili na kuitaja kimoyomoyo, "masikio yameanza". Inaonekana jambo dogo sana ila huwezi kukagua muhuri ambao hujui unagongwa saa ngapi.

Hatua ya pili: gawa sentensi vipande viwili

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaisaidia hii, kwahiyo tukae hapa kidogo.

Epictetus anasema watu hawasumbuliwi na mambo, wanasumbuliwa na hukumu zao kuhusu hayo mambo. Ukiisoma haraka unaona kama maneno ya kwenye kalenda. Ila chukua karatasi uifanyie kazi. Andika kitu kilichokukera leo kwa sentensi moja kama kinavyokuja kichwani, bila kupamba. Mfano: "Rafiki yangu ananipuuza, tangu asubuhi hajajibu meseji yangu." Sasa chora mstari. Upande wa kushoto weka kile ambacho kamera ingekirekodi: meseji imetumwa saa mbili asubuhi, sasa ni saa kumi jioni, jibu hakuna. Upande wa kulia weka ulichoongeza wewe: ananipuuza. Angalia ulivyo mfupi ule upande wa kulia, neno moja, na maumivu yote yametoka huko.

Epictetus alikuwa na zoezi la hivi hivi. Mtu akioga harakaharaka usiseme ameoga vibaya, sema ameoga haraka. Akinywa divai nyingi usiseme anakunywa vibaya, sema amekunywa nyingi. Maana hujui sababu yake, utajuaje kama ni vibaya? Mi nililifanya kama mchezo wa siku moja, kutotumia neno lolote la sifa kwa mtu yeyote, sio "mjeuri", sio "mvivu", sio "ana dharau", ni matendo tu. "Amepita bila kunisalimia." "Amechelewa dakika 40." Nilikuwa naishiwa maneno kabisa! Ndo nikagundua stori zangu nyingi ni hukumu tupu, matukio yenyewe mawili matatu.

Kuna makosa mawili watu wanafanya hapa. La kwanza ni kulazimisha hukumu nzuri, yaani badala ya "ananipuuza" unajipaka mafuta, "ananipenda sana yuko bize tu". Hiyo nayo ni muhuri, umebadilisha rangi ya wino tu. Unachotakiwa ni kuiacha ile karatasi bila muhuri mpaka ujue zaidi. Epictetus anawaambia wanafunzi wake waiambie picha inayokuja kichwani: nisubiri kidogo, ngoja nikuone wewe ni nani na umekuja na habari gani. Mi naipenda hiyo kwa sababu ni kama unaongea na mgeni aliyebisha hodi usiku, humfukuzi, ila mlango hufungui mpaka ujue ni nani.

Kosa la pili ni kudhani kila hukumu ni ya uongo. Hapana. Saa nyingine umekagua umeona kweli mtu kakufanyia ubaya, kakusema uongo, kala hela yako. Hapo Epictetus anakupa kifaa kingine, anasema kila jambo lina mipini miwili, mmoja unabebeka na mwingine haubebeki. Ndugu yako akikukosea usilishike jambo kwa mpini wa "amenikosea", huo haubebeki, lishike kwa mpini wa "ni ndugu yangu, tumelelewa pamoja". Kosa bado ni kosa, na utamwambia, ila utaenda kumwambia umeshika mpini gani? Mtu anayeenda kudai haki yake huku ametulia anasikilizwa kuliko anayeenda anatetemeka, hilo hata halihitaji falsafa.

Hatua ya tatu: uliza kama kipo mikononi mwako

Hii wengi wanaijua na wengi wanaitumia vibaya. Mikononi mwako, kwa Epictetus, ni maoni yako, msukumo wako wa kutenda, unachokitaka na unachokikwepa. Nje ya mikono yako ni mwili, mali, cheo na sifa yako kwa watu. Soma tena hiyo ya mwisho. Sifa! Yaani wanachokuwazia wengine sio idara yako, na mi nadhani nusu ya hasira zetu zinatoka hapo, tunataka kuongoza vichwa vya watu kwa rimoti.

Matumizi mabaya ni kusema "hakipo mikononi mwangu" alafu unalala. Wastoiko walikuwa na mfano wa mpiga mshale, ambao Cicero, mwandishi wa Kirumi, ametuhifadhia: kazi yake ni kulenga kwa ustadi wote, na akishafanya hivyo amemaliza kazi yake hata upepo ukiuhamisha mshale. Kwahiyo ukienda intavyuu, lengo lako lisiwe "nipate kazi", liwe "nijiandae jana, nifike mapema, nijibu ukweli, nisikilize swali mpaka mwisho". Hivyo vinne ni vyako. Ukikosa kazi utaumia, ndio, ila hutakuwa na ile sumu ya kujiuliza wiki nzima ungefanya nini.

Kivitendo: chukua jambo linalokunyima usingizi, liandikie mambo matatu tu ambayo kesho unaweza kuyafanya kwa mikono yako. Kama huna hata moja, basi jambo hilo kwa usiku huu limefungwa, ukitaka ulifungue tena kesho.

Hatua ya nne: chelewa

Seneca anasema dawa kubwa ya hasira ni kuchelewa. Na kuna Mstoiko mmoja, Athenodorus, inasimuliwa na Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kwamba alipokuwa anamuaga Kaisari Augustus alimpa ushauri mmoja: ukikasirika usiseme wala usifanye chochote mpaka utaje kimoyomoyo herufi zote 24 za alfabeti ya Kigiriki. Kaisari mwenye uwezo wa kuua mtu kwa neno moja anaambiwa ahesabu herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Na inasemekana Augustus alimshika mkono akamwambia bado nakuhitaji ubaki.

Kwa simu zetu hizi sheria zangu ni hizi. Meseji ya hasira haiandikwi kwenye kile kisanduku cha kujibia, inaandikwa pembeni, kwenye noti, sehemu ambayo kidole hakiwezi kuteleza kikatuma. Haiandikwi na jina la mtu juu. Inalala. Asubuhi naisoma kwa sauti (kwa sauti, sio kimoyomoyo, sikio linashtuka kuliko jicho) alafu nakata kila sentensi inayoanza na "wewe kila siku". Mara nyingi kinachobaki ni swali moja la kistaarabu, na saa nyingine hakibaki kitu kabisa.

Ana kwa ana ni ngumu zaidi kwa sababu huwezi kumwambia mtu ngoja nikalale. Ila unaweza kusema "hebu rudia, sijakuelewa vizuri". Hiyo sentensi imeniokoa mara nyingi kuliko zote. Kwanza inakupa sekunde kumi, pili mtu akirudia mara nyingi anapunguza makali mwenyewe, na tatu kuna siku unagundua kweli hukumwelewa. Na ukiletewa umbea, Epictetus ana jibu lake la utani: ukiambiwa fulani anakusema vibaya usijitetee, jibu kwamba huyo hajui kasoro zangu nyingine, angezijua asingetaja hizo tu. Nimeijaribu mara moja, watu wakacheka, na aliyekuja na umbea akakosa pa kuendelea.

Asubuhi, dakika tatu

Kabla hujagusa simu. Marcus Aurelius alikuwa anajiambia alfajiri: leo nitakutana na mtu mdadisi wa mambo ya wenzie, asiye na shukrani, mjeuri, mlaghai, mwenye wivu, mchoyo. Alafu anaendelea kujikumbusha kwamba hao watu ni ndugu zake, wameumbwa kufanya kazi pamoja naye kama miguu, mikono na kope za macho, hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaikata wakiisambaza. Bila sehemu ya pili inakuwa ni kuamka na kinyongo.

Unafanya hivi: unachagua sehemu moja ya siku inayoweza kukuchokoza, moja tu, kikao, foleni, simu ya mtu fulani. Unaipitisha kichwani mpaka pale panapouma, alafu unaamua wewe utasema nini. Basi, unanyanyuka. Kama we ni mtu wa wasiwasi kuwa makini, usigeuze hili zoezi kuwa sinema ya maafa, Seneca mwenyewe alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba tunateseka zaidi kwenye fikra kuliko kwenye mambo yenyewe. Ukiona dakika tatu zimekuwa ishirini, acha.

Kuhusu tamaa, kwa ufupi

Mashine ni ileile, sentensi inayogongewa muhuri sasa ni "lazima nipate". Marcus alikuwa anavivua vitu nguo: joho la zambarau la kifalme ni manyoya ya kondoo yaliyochovywa kwenye damu ya kombe wa baharini, basi. Jaribu kwa simu mpya unayoitamani, ieleze kwa maneno makavu kabisa, kioo na betri vitakavyokuwa vya zamani baada ya miaka miwili mitatu. Seneca naye alimshauri Lucilius atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo mbovu alafu ajiulize, hiki ndo nilichokuwa nakiogopa? Mi nafanya siku moja kwa mwezi bila mitandao. Ya kwanza ilikuwa mateso, nilishika simu tupu kama mara mia.

Usiku: hesabu za siku

Seneca alipokuwa amelala kitandani, taa imezimwa na mke wake amenyamaza kwa sababu anaijua hii tabia yake, alikuwa anaipitia siku nzima, hajifichi kitu. Alimwiga mwanafalsafa anaitwa Sextius, ambaye kila usiku alijiuliza: leo umetibu ubaya gani wako, umepinga kosa gani, umekuwa bora wapi? Na Seneca akijikuta na kosa anajiambia, angalia usirudie, kwa leo nakusamehe. Shika hilo la kusamehe. Watu wengi wanageuza hii hatua kuwa kesi, wanajichapa, kesho yake wanaikimbia. Mistari mitatu inatosha: wapi niligonga muhuri bila kusoma, wapi niliukagua, kesho nianzie wapi.

Alafu kuna kuhesabu. Epictetus anasema tabia inakua kwa kulishwa, kwahiyo usiilishe, hesabu siku ulizokaa bila hasira: nilikuwa nakasirika kila siku, sasa kila baada ya siku moja, alafu mbili, alafu tatu, na ukifikisha siku 30 mtolee Mungu sadaka ya shukrani. Mi nina daftari dogo, ukurasa una namba tu.

Pale ambapo haya hayatumiki

Ustoiko sio kuvumilia kupigwa wala kuonewa. Ukiwa kwenye hatari ondoka kwanza, hukumu utazikagua ukiwa salama. Na sio kuwa jiwe msibani. Inasimuliwa kwamba Marcus akiwa bado kijana alimlilia mlezi wake aliyefariki, watumishi wa ikulu wakataka kumkataza, baba yake wa kulea Antoninus Pius akasema mwacheni awe binadamu, falsafa na ufalme haviondoi hisia. Siku hizi kuna watu wanauza picha ya Mstoiko kama mwanaume asiyecheka wala kulia, sijui wanasoma wapi.

Na kama giza limekukaa wiki nyingi, hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, nenda kwa mtaalamu. Hutakuwa umeikimbia hii njia, maana Albert Ellis na Aaron Beck, walioanzisha tiba ya kubadilisha fikra na tabia katika karne ya 20, wote wawili walikiri wameazima kwa Wastoiko. Utakuta daktari anakupa ileile karatasi yenye mstari katikati, ila na mtu wa kukusaidia kuijaza.

Ukitaka kuanza usianze na zote. Wiki ya kwanza dalili tu, wiki ya pili na ya tatu karatasi ya mstari, alafu ndo uongeze usiku na asubuhi. Rekodi yangu mpaka sasa ni siku 11. Jana usiku ilibidi niandike 0 tena, na sababu ni chaja ambayo nilikuwa na uhakika kabisa kuna mtu kaichukua, nikaifokea nyumba nzima, na chaja ilikuwa kwenye mfuko wa suruali niliyovaa.